Mwenye Uwanja Ndiye Mwenye Rimoti: Kuangalia Kikapu cha Vyuo vya Marekani Mtandaoni

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hebu niambie, mpwa wangu: nimelipa, benki imekata, mbona mechi yenyewe siioni?"

Simu hii hupigwa kila Novemba, tena dakika kumi kabla mpira haujarushwa. Mjomba wangu anakaa Louisville, Kentucky, ambako Chuo Kikuu cha Louisville na Chuo Kikuu cha Kentucky ni Simba na Yanga. Mimi niko Dayton, Ohio, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, na ukoo mzima umenipa cheo cha fundi wa televisheni kwa sababu siku moja nilimsaidia shemeji kufunga antena. Maelezo haya nimeyarudia kwa simu mpaka koo limekauka. Safari hii nayaandika.

Anza na timu, usianze na huduma

Mjomba ananunua kwanza, halafu ndipo anauliza. NBA ni duka lenye mlango mmoja; kikapu cha vyuo ni Kariakoo. Daraja la juu, Division I, lina vyuo zaidi ya 350 vilivyogawanyika katika konferensi zaidi ya 30, yaani makundi ya vyuo yanayocheza ligi moja, na kila konferensi imeuza haki za kuonyesha mechi zake kivyake, kwa mnunuzi wake, kwa mkataba wake. Hakuna huduma hata moja inayoonyesha zote. Anayekuambia ipo ana kitu anataka ununue.

Kanuni ya kushika ni hii: mwenye uwanja ndiye mwenye rimoti. Mechi huonyeshwa na televisheni iliyonunua haki za konferensi ya timu mwenyeji, hata kama timu yako ndiyo kubwa. Kentucky wakiwa kwao Lexington, wako konferensi ya SEC, na SEC ni ya ESPN. Kentucky haohao wakipanda basi kwenda Bloomington kucheza na Indiana, wameingia nyumba ya konferensi ya Big Ten, na Big Ten iko kwa Fox, CBS na NBC. Timu ni ileile na wachezaji ni walewale, lakini chaneli uliyoilipia haina habari nao usiku huo.

Mechi za uwanja usio wa mtu zina hesabu yake: angalia mashindano ni ya nani. Champions Classic, inayowakutanisha Duke, Kansas, Kentucky na Michigan State kila mwaka tangu 2011, ni ya ESPN. Players Era ya Las Vegas, iliyoanza 2024, imekwenda TNT.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, fungua tovuti ya michezo ya chuo chenyewe na uende kwenye ratiba ya kikapu. Pembeni ya kila mechi utakuta nembo ya chaneli, na mara nyingi alama mbili ndogo, moja ya video na nyingine ya redio. Chukua karatasi, andika mechi zote zilizobaki, na mbele ya kila moja andika chaneli. Kisha hesabu. Mjomba alipofanya hivyo mwaka juzi aligundua kwamba karibu mechi zote alizozitaka ziko kwenye familia moja ya chaneli, naye alikuwa analipia tatu.

Jihadhari na orodha za zamani zinazozunguka mtandaoni. Mwaka 2024 vyuo vilihamahama kama wachezaji wakati wa dirisha la usajili: UCLA, USC, Oregon na Washington waliingia Big Ten, Texas na Oklahoma wakaenda SEC, na Stanford, chuo kilichoko California kabisa upande wa Pasifiki, kikajiunga na ACC, konferensi inayojiita ya Pwani ya Atlantiki. Jiografia ilishaaga zamani.

Nani yuko wapi

SEC ni rahisi kuliko zote: tangu 2024 kila kitu kiko kwa ESPN na dada zake, yaani ABC, ESPN2, ESPNU na SEC Network. ACC, yenye Duke, North Carolina na Louisville, nayo iko zaidi kwa ESPN na ACC Network, ila baadhi ya mechi huonyeshwa na CW, chaneli ambayo watu wengi hawajui kwamba wanayo bure.

Big Ten ndiyo inayoumiza kichwa. Wiki moja timu iko Fox, wiki ya pili FS1, ya tatu Big Ten Network, ya nne CBS, na ya tano iko Peacock, huduma ya mtandaoni ya NBC. Shabiki wa Purdue au Michigan State asijidanganye kwamba atapita msimu mzima bila Peacock. Na zile mechi ndogo za Novemba dhidi ya vyuo visivyojulikana huwekwa kwenye B1G+, huduma nyingine kabisa ya kulipia. Mimi hizo nimesamehe.

Big East, yenye UConn, Villanova na St. John's, ilibadilisha mikataba kuanzia msimu wa 2025–26: Fox, NBC pamoja na Peacock, na TNT pamoja na HBO Max. Big 12 imegawanywa kati ya ESPN na Fox, na nyingine CBS.

Kama una mtoto, mpwa au mdogo wa rafiki anayechezea chuo kidogo, na Waafrika Mashariki wenye vijana hao huku ni wengi, usikimbilie vifurushi vikubwa. Konferensi nyingi ndogo, pamoja na Ivy League, mechi zao ziko kwenye ESPN Select, daraja dogo lililokuwa likiitwa ESPN+. Konferensi ya Coastal Athletic Association iko FloSports, huduma nyingine ya kulipia mtandaoni. Ukishuka chini ya Division I, vyuo vingi huonyesha mechi zao bure kwenye tovuti zao wenyewe: kamera moja juu ya jukwaa, mtangazaji mwanafunzi anayekosea majina ya Kiafrika kwa ujasiri mkubwa, lakini mtoto wako anaonekana. Tafuta ile alama ya video kwenye ratiba; huhitaji kitu kingine.

Sasa toa pesa

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua televisheni nzima kwa njia ya intaneti, badala ya kebo: YouTube TV, Hulu + Live TV, DirecTV, Fubo, Sling. Ya pili ni kununua kipande kimoja kimoja.

Njia ya kwanza ni ghali. YouTube TV ilifika dola 82.99 kwa mwezi Januari 2025. Lakini ndani yake kuna karibu kila chaneli niliyoitaja hapo juu, mnaweza kuangalia kwenye skrini tatu kwa wakati mmoja, na mechi ya usiku wa manane unairekodi ukaiangalia asubuhi. Kwa nyumba yenye watu wengi, hasa kama wapo wanaofuata timu tofauti, hesabu inakubali. Baadhi ya wenzake wana mapengo yao, na mapengo hayo ndiyo ya kuyajua kabla: Sling haina CBS, na Fubo haina TNT, TBS wala truTV tangu 2020. Maana yake ukifika Machi, kwenye mashindano makuu, nusu ya mechi utakuwa unasimuliwa.

Pia chaneli zinaweza kuondoka ukiwa umekaa. Tarehe 30 Oktoba 2025 chaneli zote za Disney, ESPN ikiwemo, zilitoweka YouTube TV kwa sababu ya mvutano wa bei, zikarudi tarehe 14 Novemba, na msimu ulikuwa umeshaanza tarehe 3. Ndiyo maana sishauri mtu alipie kitu cha michezo kwa mwaka mzima. Lipa mwezi kwa mwezi.

Njia ya pili ilipata nguvu tarehe 21 Agosti 2025, siku ambayo ESPN na Fox zote mbili zilianza kujiuza bila kebo. ESPN Unlimited ilianza kwa dola 29.99 kwa mwezi, Fox One kwa dola 19.99, na zote mbili kwa pamoja dola 39.99. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, mjomba akiwemo. ESPN ina madaraja mawili. Select, la bei ndogo, lina mechi nyingi mno za vyuo vidogo, lakini halikupi chaneli ya ESPN yenyewe. Ukiona kwenye ratiba imeandikwa ESPN, ESPN2, SEC Network au ACC Network, unahitaji Unlimited. Na kama tayari unalipia televisheni yenye ESPN ndani yake, usinunue tena: fungua programu ya ESPN, chagua kampuni unayolipia, ingia kwa akaunti ileile. Nimewaona watu wakilipa mara mbili msimu mzima.

Kwa shabiki wa timu moja ya SEC au ACC, Unlimited peke yake inatosha kwa sehemu kubwa. Wa Big Ten achukue Fox One na Peacock, halafu antena.

Antena, ambayo watu wanaidharau

CBS, NBC, Fox, ABC na CW ziko hewani bure, sawa na zamani. Antena ya ndani ya dola 20 hadi 40, waya mmoja nyuma ya televisheni, unaingia kwenye mipangilio na kuiambia itafute chaneli, basi. Iweke dirishani, upande ulioelekea minara. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ina ramani mtandaoni: unaandika anwani yako, inakuonyesha chaneli zinazofika kwako na nguvu zake. Ukiwa mjini utapata zote. Ukiwa mbali sana mashambani, okoa pesa yako.

Antena ina jambo moja zaidi: picha yake hufika mapema. Picha ya mtandaoni hubaki nyuma kwa nusu dakika hivi, wakati mwingine zaidi. Mjomba ana antena, mimi naangalia mtandaoni, na kwenye kundi la WhatsApp la familia yeye huandika "AAAH!" wakati kwangu mchezaji bado anapiga mpira chini. Siku ya mechi kubwa nalinyamazisha kundi zima.

Machi ni biashara nyingine

Ligi za konferensi zikiisha, kanuni ya mwenye uwanja inazimika. Mashindano makuu ya wanaume, yale ya kuitwa March Madness, yamekuwa na timu 68 tangu 2011, na matangazo yako kwa CBS, TBS, TNT na truTV tu. ESPN haimo. Uliyelipia Unlimited tangu Novemba utashangaa, ila usiivunje haraka: mashindano ya wanawake yako huko, ESPN na ABC, na usiyachukulie kama nyongeza. Fainali ya wanawake ya 2024, South Carolina na Iowa, ilipata watazamaji wengi kuliko ya wanaume, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Kwa wanaume, nunua mwezi mmoja tu, kuanzia Jumapili timu zinapotangazwa, katikati ya Machi. Mchanganyiko wa bei nafuu ni HBO Max, inayobeba mechi za TBS, TNT na truTV, pamoja na CBS. HBO Max usichukue lile daraja la chini lenye matangazo, kwani tangu mwisho wa Machi 2025 halina michezo. CBS unaipata kwa antena. Kama haifiki kwako, daraja la juu la Paramount+ ndilo lenye CBS ya eneo lako mubashara. Programu ya March Madness Live inakusanya mechi zote mahali pamoja, lakini itakuuliza unalipia televisheni gani. Bila hiyo inakuonjesha kwa muda mfupi tu kisha inafunga pazia.

Halafu kuna ujanja wa miaka. Nusu fainali na fainali hupokezanwa: mwaka unaogawanyika kwa mbili ni TBS, mwaka witiri ni CBS. Kwa hiyo 2025, Florida walipowafunga Houston 65–63 pale San Antonio, mwenye antena aliangalia bure. Mwaka wa TBS antena yako ni pambo.

Mechi nne za kufungulia mashindano huchezwa hapa Dayton, ndani ya UD Arena, na huonyeshwa truTV. Mimi hizo huwa sinunui chochote. Navaa koti naenda.

Kama uko Dar, Mombasa, Goma au Muscat

Wapo waliouanza ugonjwa huu na Hasheem Thabeet alipoifikisha UConn nusu fainali mwaka 2009, wengine juzi tu na Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alipokuwa Duke. Kwenu habari ni fupi zaidi: huduma karibu zote nilizozitaja zimefungwa ndani ya Marekani. Zinatambua uko wapi, na nyingi hukataa kadi ya benki isiyo ya huko. Watu hutumia VPN, programu inayoficha ulipo. Masharti ya huduma hizo hayairuhusu, akaunti inaweza kufungwa na pesa yako ikabaki huko. Njia iliyonyooka kwa walio Afrika ni chaneli za ESPN kwenye DStv, zinazoonyesha sehemu ya mechi hizi. Zikague kwenye mwongozo wa king'amuzi wiki hiyohiyo. Ya nyongeza ni YouTube: konferensi na March Madness wenyewe huweka vipande vya mechi, na mechi kamili za miaka iliyopita zimejaa. Tena kuna redio. Karibu kila chuo kikubwa kina matangazo yake ya sauti kwenye tovuti yake, na yanakula bando kidogo sana. Video ya ubora wa juu hula kama GB 3 kwa saa, na mechi ya dakika 40 za uwanjani huchukua saa mbili za ukutani. Piga hesabu kabla hujabonyeza.

Sasa saa. Ratiba za Marekani huandikwa kwa saa za mashariki, yaani za New York. Sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tuna njia ya mkato: tangu Novemba hadi mwanzoni mwa Machi, chukua namba iliyoandikwa, ongeza mbili, na hiyo ndiyo saa yako ya Dar na Nairobi. Imeandikwa 7 za jioni? Saa tisa usiku. Imeandikwa 9? Saa kumi na moja alfajiri. Imeandikwa 12 za mchana? Saa mbili usiku, umeshakula, umekaa. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, Wamarekani wakisogeza saa zao, ongeza moja tu. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mzunguko wa timu 64, mechi inayoanza huko saa 12 na robo mchana, kwenu ni saa moja na robo usiku. Walio Goma, Bujumbura na Kigali wapunguze saa moja kwenye jibu, na walio Muscat waongeze moja. Na mkumbuke siku: mechi ya Jumamosi jioni huko ni usiku wa kuamkia Jumapili kwenu. Ukiweka kengele ya Jumamosi alfajiri utaamka kuangalia matangazo ya sabuni.

Saa ya mechi yenyewe

Ingia nusu saa kabla. Programu hupenda kukutoa kwenye akaunti yako siku unayoihitaji, na nenosiri hukumbukwi mpaka mechi iishe. Ujumbe ukisema mechi haipatikani eneo lako, hakikisha programu imeruhusiwa kujua ulipo. Ukiwa safarini, chaneli za CBS na Fox zitafuata mji uliopo, si wa nyumbani. Picha ikikwamakwama, shusha ubora kwanza, kisha sogeza televisheni karibu na ruta au uiunganishe kwa waya.

Usibonyeze viungo vinavyowekwa na watu wasiojulikana chini ya kurasa za vyuo, "tazama bure hapa". Mimi nilibonyeza kimoja, mechi ya Februari, nikaombwa kadi "kwa ajili ya kuthibitisha umri". Mechi sikuiona, kadi nikalazimika kuifuta, na mpaka leo mke wangu hunikumbusha kila ninaposhika rimoti.

Kujitoa

Fainali ya wanaume huwa Jumatatu, mwanzoni mwa Aprili. Weka kengele ya Jumanne yake. Jitoe palepale ulipojiungia: kama ulinunua kupitia Roku, Amazon au Apple, kwenye tovuti ya huduma yenyewe hutakiona kitufe cha kujitoa, na watu huacha hapo wakidhani imekwisha. Utaulizwa kama una uhakika, utapewa punguzo, utaulizwa tena. Endelea kubonyeza mpaka upate barua pepe ya kuthibitisha, kisha uitunze. Ukijitoa katikati ya mwezi, huduma kwa kawaida huendelea hadi siku uliyoilipia, kwa hiyo hupotezi kitu. Ila Peacock, kama nyumbani kuna watoto, usiikate kwanza.